Nchi ya Usipunguze na Maboga ya Bi Mashavu

Nchi ya Usipunguze ipo, na aliyekwenda hurudi. Njia ya kufikia huko tuiache, kwa kuwa kila msafiri ana yake na zote zina vumbi. Tusimulie aliyoyakuta Mwalimu Zawena, mwanamke wa makamo aliyefundisha darasa la sita na la saba tangu ujana wake. Alikwenda kwa mwaliko wa mwalimu mwenziwe, bwana mmoja mpole aitwaye Chande, aliyetaka aje aone shule yao.

Jambo la kwanza aliloliona ni chakula. Alifikia kwa Bi Mashavu, mjane mkulima wa maboga katika mtaa wa Bondeni, aliyekuwa akikaa na mjukuu wake Siwema, binti wa darasa la saba. Mkeka ukatandikwa, maji ya kunawa yakaletwa, na sahani ikawekwa mbele ya mgeni. Samaki alikuwa na magamba yake yote. Wali wa nazi ulikuwa na nyuzi za makumbi, na vijiwe vya mchele vilikuwa mle mle kama vilivyotoka shambani.

"Karibu, mwanangu," alisema Bi Mashavu. "Kila kitu kimo. Hatukupunguza."

"Ahsante, mama. Naviona."

Siwema akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Magamba na sisi hatuyali, Mwalimu. Tunayaweka pembeni. Ila lazima yafike mezani, ndiyo adabu."

Zawena akaweka magamba pembeni kwa adabu, akala.

Kesho yake aliona kwamba yale ya sahani ndiyo yaliyokuwa katika kila jambo. Juu ya mlango wa kila nyumba ya serikali imechongwa sheria ya kwanza ya nchi: Kilichosemwa Kisemwe Chote. Ukimwuliza mtu njia ya sokoni, kwanza hukutajia nyumba zote ambazo si soko. Ukimwamkia mwenzio, humwulizia na marehemu wake, mmoja mmoja, na yeye hana budi kukujibu kwamba bado ni marehemu. Palikuwa na kiwanja kitupu karibu na msikiti, na Zawena alipouliza nyumba iliyokuwa pale imekwenda wapi, aliambiwa iliungua. Jirani aliuona moto mapema, akakimbia kutoa habari, akaanza, kama sheria inavyotaka, na aliyeuza kiwanja, halafu fundi aliyechimba msingi. Alipokuwa anafika kwenye bati, bati lilikuwa limekwisha anguka.

"Na hakuna aliyesema neno?" aliuliza Zawena.

"Alisifiwa," alisema Mwalimu Chande. "Hakuacha hata msumari."

Tusiwacheke upesi. Sheria ile ilikuwa na asili yake. Zamani sana mjumbe mmoja mvivu alikatisha ujumbe njiani, watu wakaenda kupigana na jirani ambaye alikuwa ameomba amani. Waliobaki wakaapa kwamba haitatokea tena mtu kuacha neno. Hofu yao ilikuwa ya haki. Dawa ndiyo iliyouzidi ugonjwa.

Habari zote za nchi hukusanywa na nyumba tatu zilizopangana kiwanja kimoja: Nyumba ya Mashamba, Nyumba ya Afya na Nyumba ya Ujenzi. Kila nyumba huandika taarifa yake ya mwaka, taarifa nene ya kubebwa na watu wawili, na sheria ya pili inasema habari za nyumba mbili zisilale chumba kimoja, zisije zikachafuana. Wakuu wa nyumba hizo ni watu wale wale, lakini kila nyumba ina kofia yake. Asubuhi mkuu huvaa kofia ya kijani akahuzunika juu ya mashamba. Mchana huivua, akavuka ua, akavaa nyeupe na kufurahia afya. Ukimkuta uani kichwa wazi ukamwuliza lolote, atakwambia kwa wakati huo hajui kitu, na kweli hajui.

Taarifa husomwa zote katika Ukumbi wa Usikivu Kamili, mbele ya Msikilizaji Mkuu na wazee wa baraza. Kwa kuwa hakuna mwanadamu anayeweza kukaa macho kwa usomaji wa namna ile, wazee husinzia kwa zamu, zamu zimepangwa vizuri, ili kila neno liangukie walau sikio moja lililo wazi. Wanajivunia sana mpango huo. Zawena alikaa siku nzima kwenye viti vya wageni akiwatazama, na alipotoka alimwambia Chande, "Hakuna neno lililopotea mle ndani. Ila sikumwona aliyesikia mawili."

Chande akatazama nyuma kwanza, kisha akacheka.

Sasa, jambo lililomfanya Zawena asirudi kwao upesi lilikuwa kule kule alikofikia. Jioni moja, jua bado liko juu ya mlima, alimfuata Bi Mashavu shambani. Lilikuwa shamba la kutamanisha. Mashina yalitambaa mpaka kwenye ua wa miti, majani mapana kama ungo, maua ya manjano kila mahali. Lakini Zawena alikuwa amepita shamba zima bila kukwaa boga hata moja.

"Yako wapi maboga yenyewe, mama?"

"Yenyewe ndiyo hayo maua," alisema Bi Mashavu. Akainama, akashika ua moja lililonyauka, na kwa kuligusa tu likamdondokea kiganjani. "Linachanua, linapendeza, linaanguka. Mwaka jana hivi hivi. Na mwaka huu ndio kama unavyoona."

"Mbolea?"

"Nimetia. Nimepalilia. Nimeliimbia, nisikufiche. Ningekuwa najua kucheza ningelichezea." Akalitupa lile ua. "Kuna sheria hapa, mwanangu. Shamba lisilozaa misimu miwili linaitwa shamba lisilomtaka mwenyewe. Linachukuliwa. Mwenyewe anahamishiwa kule juu, Majiweni, akalime mawe. Taarifa ya Mashamba ikimalizika kusomwa, wataniuliza kama nina neno, halafu watahukumu. Na inakaribia kumalizika. Juzi walikuwa kwenye majembe."

Siwema alikuwa kasimama nyuma yao na ndoo ya maji. Alimwagilia shina lililokuwa mbele yake mpaka maji yakafanya dimbwi, na bibi yake hakumgombeza.

Asubuhi Zawena alikwenda moja kwa moja darasani kwa Chande. Wanafunzi wa darasa la saba walikuwa wamesimama, wanakariri maelezo ya jinsi chumvi inavyotengenezwa, kila mmoja kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, wakipokezana kama watu wanaopasiana matofali. Walikuwa hodari. Hakukosea hata mmoja. Walipomaliza, Zawena aliomba ruhusa, akamwuliza kijana mmoja mrefu, aitwaye Makungu, "Haya, baba, chumvi inatengenezwaje?"

Makungu akavuta pumzi, akaanza upya kutoka neno la kwanza.

"Hapana. Niambie wewe."

Yule kijana akamtazama Mwalimu Chande kama mtu aliyeambiwa avue nguo hadharani.

Walipotoka nje Zawena alisema, "Mwenzangu, hawa wamebeba magunia ambayo hawajawahi kuyafungua."

"Najua," alisema Chande. "Ndiyo maana nilikuita. Lakini nitafanyaje? Kufupisha ni kosa darasani, ni kosa ukumbini, ni kosa barabarani."

"Na wapi si kosa?"

Chande akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, lakini alifika. "Jikoni," alisema. "Sheria inaruhusu jikoni, kwa sababu watu waliunguza vyakula sana hapo mwanzo. Maneno ya jikoni hayahesabiwi kuwa habari."

Basi darasa la saba likahamia jiko la shule. Mafiga yalikuwako, kuni zilikuwako, na mpishi hakuwa na neno maadamu watu hawagusi mwiko wake. Zawena aliteleka sufuria ya maziwa, akasema, "Kila mmoja ana habari aliyoisoma. Atasimama hapa kando ya sufuria atusimulie. Maziwa yakipanda, habari iwe imekwisha. Yakimwagika, msimulizi ndiye atakayesugua mafiga."

Siku ile mafiga yalisuguliwa na watu wengi. Mmoja alisimulia mwanzo wa habari tu, kisha akanyamaza, kama mtu aliyekata samaki akakuletea kichwa. Makungu, kwa kuogopa masizi, alisema, "Habari hii inahusu chumvi," akakaa chini.

"Kuhusu chumvi, inasemaje?"

"Inaisema."

Wenziwe wakacheka mpaka maziwa yakamwagika bila mwenyewe. Binti mmoja mchangamfu, Hidaya, alichagua kisa cha punda aliyelamba chumvi ya mfalme, kilichokuwa katikati ya maelezo, akakisimulia vizuri sana, na alipomaliza kila mtu alimjua yule punda na hakuna aliyejua chumvi inapatikanaje. Mwingine alieleza kwamba yeye binafsi hapendi chumvi nyingi.

Zawena hakumkaripia mtu. Aliwaambia, "Tazameni. Mama yako yuko jikoni, mikono ina unga, anakuuliza kuna nini huko nje. Anataka kujua nini kimetokea, kimempata nani, kwa sababu gani, na kimeishia wapi. Punda anachekesha, lakini ukimwondoa, je, habari inaanguka?"

"Haianguki," alisema Hidaya kwa huzuni.

"Basi atoke. Na ukiondoa jua lililokausha maji?"

Hidaya akafikiri. "Hapo inaanguka. Hakuna jua, hakuna chumvi."

"Basi jua linabaki. Na wewe mwenye kutopenda chumvi, tutakuuliza wakati wa kula."

Waliendelea hivyo, siku baada ya siku, na mafiga yakaanza kupumzika. Ajabu ni kwamba kadiri walivyojifunza kuacha, ndivyo walivyosoma zaidi. Mtu hawezi kutupa kitu mpaka akijue. Makungu, aliyezoea kukariri kurasa huku akitazama ndege dirishani, sasa alikuwa anarudia sentensi moja mara nyingi, anauliza kama ni ya kubaki au ya kutoka, anabishana nayo kama mtu anayepatana bei.

Hapo Siwema ndipo aliposema lililokuwa moyoni mwake. "Mwalimu, taarifa ya Mashamba iko chumba cha kusomea, na mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma. Hakuna anayekwenda kwa sababu ni ndefu. Mimi nitakwenda."

"Na mimi nitasoma ya Afya," alisema Makungu. "Ile nyumba ina feni."

Hidaya akachukua ya Ujenzi, kwa kuwa ndiyo iliyobaki. Wakasoma kila alasiri, kila mmoja chumba chake, chini ya macho ya mlinzi ambaye hakuwahi kuona msomaji na hakujua kama awape maji au awafukuze. Hawakutoa karatasi. Walitoka na vichwa vyao, na vichwa havikupekuliwa.

Siku waliyokutana tena jikoni, mvua ilikuwa inanyesha na darasa zima limejibana kuzunguka moto. Zawena akateleka maziwa.

Makungu akaanza. "Nyumba ya Afya wana furaha. Zamani watoto wa Bondeni walikuwa wanaletwa kila siku wamevimba kwa kuumwa na nyuki. Sasa haji hata mmoja. Wamefanya karamu. Kwa nini nyuki hawaumi tena, hawasemi."

Akafuata Hidaya. "Nyumba ya Ujenzi wameongeza ukumbi upande wa mlimani, ili taarifa zipate nafasi ya kusomwa. Wamekata miti ile mikubwa. Kwenye miti palikuwa na mizinga, wakaipeleka ng'ambo ya mto, mbali, nyuki wasiwasumbue wasomaji. Na vigae ni vyekundu, lakini vigae navitoa."

Siwema alikuwa wa mwisho, na alisema polepole. "Nyumba ya Mashamba wana msiba. Maboga, matango na matikiti ya Bondeni yanachanua bila kuzaa. Wamepima udongo, ni mzuri. Mvua ilitosha. Na kuna mahali, kabla ya sura ya majembe, wameandika kwamba ua la kike la boga haliwi tunda mpaka liguswe na unga wa ua la kiume, na wanaopeleka unga huo ni wadudu. Halafu wakaendelea na mipini."

Zawena hakuwaeleza kitu. Alikuwa ameona, lakini mwalimu mzuri hufahamu wakati wa kufunga mdomo. Aliuliza tu, "Hizi habari tatu zinakaa kiwanja kimoja. Hivi zimewahi kuamkiana?"

Mvua ilipiga bati. Hidaya alimtazama Makungu. Makungu alianza kufungua mdomo, akafunga, akafungua tena. "Wadudu gani?" alisema. "Siwema, hao wadudu wanaopeleka unga, ni wadudu gani?"

"Nyuki," alisema Siwema. Kisha akasimama. "Nyuki. Bibi hana kosa. Shamba halina kosa. Nyuki wamehamishwa."

Maziwa yalipanda, yakamwagika, yakazima moto, na hakuna mtu aliyeyatazama.

Mwalimu Chande, aliyekuwa amekaa mlangoni, alifuta miwani yake kwa pindo la shati. "Miaka yote hii," alisema. "Mkuu yule yule alikula karamu mchana na asubuhi yake alilia."

"Kofia," alisema Zawena. "Lakini watoto wasikimbilie ukumbini bado. Wamefikiri vizuri. Sasa waone kama ni kweli."

Maua ya boga hufunguka alfajiri. Kwa hiyo alfajiri wanafunzi wa darasa la saba walikuwa shambani kwa Bi Mashavu, umande unawalowesha mpaka magotini. Bi Mashavu aliwaonyesha: ua la kiume lina bua jembamba, la kike lina kijiboga kidogo shingoni. Wakachuma maua ya kiume, wakayavua petali zake, wakayapitisha taratibu ndani ya maua ya kike, kama mtu anayempaka mtoto poda. Yale waliyoyagusa waliyafunga uzi mwekundu. Mengine waliyaacha kama yalivyo.

"Nimezeeka nikaja kuozesha maboga," alisema Bi Mashavu. "Mahari nampa nani?"

"Tupe sisi, bibi," alisema Makungu. "Tumetembea sana."

Baada ya siku chache maua yasiyo na uzi yalikuwa chini, yameoza. Na kwenye yale yenye uzi, vijiboga vilikuwa vimeanza kuvimba, kijani, vinang'aa. Bi Mashavu alipita kutoka kimoja hadi kingine. Kisha akakaa chini kwenye tope, na kanga yake safi, akalia kidogo, akajifuta, akawauliza watoto kama wameshakunywa chai.

Alasiri zilizofuata Siwema hakuonekana nyumbani. Alirudi vyumba vya kusomea, akasoma taarifa zote tatu yeye mwenyewe, ikiwa ni pamoja na vigae na mipini.

Siku ya hukumu Ukumbi wa Usikivu Kamili ulijaa. Msikilizaji Mkuu, Mzee Mahfudhi, alikaa mbele, mzee mwembamba mwenye macho mekundu ya mtu aliyesikilizishwa maisha yake yote. Kando yake alisimama Bwana Timilifu, Katibu wa Baraza na mmoja wa wakuu wa zile nyumba tatu, mnene, nadhifu, kofia ya kijani kichwani na nyingine mbili kwapani. Taarifa ya Mashamba ikafikia neno lake la mwisho. Wazee wa zamu wakaamshwa.

"Mashavu binti Shomvi wa Bondeni," alisema Bwana Timilifu. "Shamba lako halikutaki. Una neno?"

"Ninalo," alisema Bi Mashavu, "lakini nimempa mjukuu wangu, maana mimi nikisema nitalia."

Siwema akasogea mbele. Zawena, pale kwenye viti vya wageni, alijikuta anashika mkono wa Chande.

"Shikamooni, wazee wangu," alisema Siwema. "Maboga ya Bondeni hayazai kwa sababu hakuna nyuki wa kupeleka unga kutoka ua hadi ua. Nyuki hawapo kwa sababu mizinga ilihamishwa ng'ambo wakati wa kuongeza ukumbi huu. Nyumba ya Afya imeona kwamba watoto hawaumwi tena, na hiyo ni dalili ya jambo hilo hilo. Tulipoyagusa maua kwa mikono yetu yakashika matunda, na tusiyoyagusa yakaanguka. Nimemaliza."

Watu walingoja. Wengine walidhani amesahau. Mzee mmoja wa baraza, aliyekuwa amejiegemeza tayari kwa usingizi, alikaa wima na kuangalia kulia na kushoto kama mtu aliyeibiwa.

"Umemaliza nini?" alisema Bwana Timilifu. "Hujaanza. Taarifa tatu zimesomwa hapa msimu mzima, wewe unasema maneno ya jikoni. Umeacha karibu yote."

"Ndiyo, bwana. Nimeacha mengi. Niulize lolote nililoliacha, nitakwambia liko wapi na kwa nini nimeliacha."

Bwana Timilifu akatabasamu. "Vigae vya ukumbi."

"Vyekundu. Viko katika taarifa ya Ujenzi, baada ya orodha ya mafundi. Boga halijali rangi ya kigae."

"Mipini ya majembe."

"Ya mti wa mkuruti, taarifa ya Mashamba, karibu na mwisho. Mipini ilikuwa mizuri mwaka ambao maboga yalizaa, na ni mizuri sasa."

"Karamu ya Nyumba ya Afya. Palikuwa na nini?"

"Pilau, bwana. Na wewe ulikula sahani mbili. Hilo niliacha kwa heshima."

Ukumbi ulicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kama cha watu waliokuwa hawajacheka humo ndani tangu ujengwe. Bwana Timilifu aligeuka kwa Msikilizaji Mkuu. "Mzee wangu, kosa lake ni zaidi ya kupunguza. Amechanganya habari za nyumba tatu. Wahenga walisema, mshika mawili moja humponyoka."

"Sikuzichanganya mimi, bwana," alisema Siwema. "Nyuki walitoka mlimani, wakapita kwa watoto, wakaenda mashambani. Hawakuuliza hapa ni nyumba ya nani."

Mzee Mahfudhi aliinua mkono. Alikuwa hajasema neno siku nyingi, na sauti yake ilitoka na kutu. "Timilifu, na wewe ulizivaa kofia zote tatu. Je, kuna alichoacha ambacho kingekuwapo ningeelewa zaidi?"

Bwana Timilifu alifikiri. Alizigusa kofia zake, akavua ya kijani, akashika nyeupe, akabaki kichwa wazi mbele ya watu wote. "Hapana," alisema, na ilionekana kwamba neno lile lilimshangaza yeye kwanza. "Lakini wahenga..."

"Wahenga pia walisema kidole kimoja hakivunji chawa." Mzee akajiinua kwa fimbo. "Mimi nimesikia kila kitu katika nchi hii. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeambiwa jambo. Nipelekeni nikaone hilo boga."

Hakuna aliyekumbuka kama sheria inamruhusu Msikilizaji Mkuu kutoka kabla ya kufunga baraza. Alikwisha toka. Baraza zima likamfuata kuteremka Bondeni, kanzu zimekunjwa mikononi, darasa la saba mbele likiongoza, Makungu akiwaonyesha wazee pa kukanyaga wasivunje mashina. Mzee Mahfudhi alitazama ua lililooza lisilo na uzi. Akatazama lenye uzi. Akainama kwa shida, akaligusa lile boga, lililokuwa limefikia ukubwa wa ngumi, akaligonga kidogo kwa kidole, kama watu wanavyofanya sokoni.

"Andika hukumu," alimwambia karani.

Karani, aliyezoea hukumu za kutwa nzima, alikuwa amekuja na mkoba wa karatasi na chakula cha mchana. Akakaa juu ya ndoo, akachovya kalamu.

"Rudisheni mizinga mlimani," alisema Mzee Mahfudhi. "Shamba ni la Mashavu. Na watoto hawa wafundishwe hivyo hivyo darasani, sio jikoni tu."

Karani akaandika. Akachovya kalamu tena, akainua uso, akangoja. Wazee wakangoja. Bwana Timilifu, kofia zote kwapani, akangoja.

"Yamekwisha, mzee?"

"Yamekwisha."

Hidaya ndiye aliyeanza vigelegele, vikapokewa na Bondeni nzima, ua kwa ua, mpaka kwa watu ambao walikuwa bado hawajajua sababu. Makungu alimbeba Siwema mabegani akaanguka naye kwenye majani, na Mwalimu Chande alikuwa anacheka na kufuta miwani na kucheka tena. Zawena alimtafuta mwenye shamba katika msongamano ule, na akamwona. Bi Mashavu alikuwa amewageuzia watu wote mgongo, ameinama, anatandika majani makavu chini ya boga lake ili lisioze kwa tope.